Kibali cha Usalama Kisiwe Rungu la Siasa

Maneno yaliyosemwa mbele ya wananchi wa Kasikeu, Makueni



Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya jambo lisilotajwa sana katika mikutano ya hadhara, kwa kuwa hufanyika kimyakimya, nyuma ya milango iliyofungwa. Nalo ni uchunguzi wa usalama anaofanyiwa mtu kabla hajaajiriwa na serikali, kabla hajapandishwa cheo, au kabla hajakabidhiwa siri za dola. Siku hizi wengi huuita kupigwa msasa. Msasa ni chombo chema mikononi mwa seremala, kwani huondoa makwaruzo na kuuacha ubao ukiwa laini. Lakini ukipigwa gizani, na mtu asiyeona anachokisugua, huula ubao wenyewe.

Tuseme wazi tangu mwanzo, ili asije mtu akatulisha maneno. Hatudai uchunguzi uondolewe. Nchi iliyopigwa bomu Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, ikashambuliwa Westgate mwaka 2013 na Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, haiwezi kumkabidhi kila mtu ufunguo wa ghala la silaha au wa chumba cha siri. Tunachodai ni kwamba uchunguzi huo uwe na mipaka, uwe na sababu zinazoweza kujibiwa, na uwe na mahali pa kukata rufaa. Ukikosa hayo matatu, hauilindi nchi. Huwalinda wenye madaraka dhidi ya wananchi wao.

Mfumo huu una historia, na historia hiyo haituruhusu kulala. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilitungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kwa sheria hiyo kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 alilazimika kuwa na kipande, nacho kiliwekwa katika kikasha cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Ndani yake ziliandikwa habari za kazi yake na mshahara wake, na mwajiri aliweza kutia maoni yake. Asiyejua kusoma alitembea na hukumu shingoni mwake, hukumu ambayo kila bwana mpya aliweza kuisoma ila yeye mwenyewe. Huo ndio mzizi wa jambo tunalolizungumza leo: mtu kuandikwa habari zake na mwingine, na asijue kilichoandikwa.

Sisi watu wa Ukambani tunayo kumbukumbu yetu. Mwaka 1938, serikali ya kikoloni ilipotaka kupunguza mifugo yetu kwa nguvu, Muindi Mbingu aliwaongoza Wakamba hadi Nairobi kupinga. Alikamatwa na kupelekwa Lamu. Hakuua mtu wala hakuiba. Alikuwa amewasemea watu wake, na hilo likahesabiwa kuwa hatari kwa utulivu wa koloni. Ilipotangazwa Hali ya Hatari mwaka 1952, mambo yalizidi. Watu walichujwa, wakahojiwa, wakagawanywa mafungu. Katika uchaguzi wa mwaka 1957, Waafrika walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria, Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuruhusiwa kupiga kura bila cheti cha utiifu. Utiifu kwa nani? Kwa serikali ambayo hakuichagua.

Uhuru ulipokuja bendera ilibadilika, lakini mafaili hayakuchomwa, wala mazoea. Special Branch, kitengo cha polisi kilichokuwa kikiwafuata wapigania uhuru, kilibaki na kazi ile ile chini ya mabwana wapya. Mwezi Juni 1982 Katiba ikatiwa kifungu cha 2A, kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Tangu hapo usalama wa taifa na usalama wa chama tawala ukawa kitu kimoja. Kumpinga kiongozi wa chama kukawa ni kuhatarisha nchi. Mwaka 1986 Mwanasheria Mkuu pamoja na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu waliondolewa ulinzi wa kazi zao, na mwaka 1988 wakafuata majaji na wanachama wa Tume ya Utumishi wa Umma. Lipimeni hilo, ndugu zetu. Tume iliyopaswa kumkinga mtumishi dhidi ya faili la uongo, wanachama wake wenyewe hawakuwa na kinga. Nani angethubutu kuuliza ushahidi uko wapi?

Na msasa huo haukupigwa kwa watumishi pekee. Mwezi Novemba 1989 serikali iliwaamuru Wakenya wenye asili ya Kisomali, jamii nzima, wachunguzwe uraia wao na kupewa kadi za peke yao. Walimu, wafanyabiashara na hata watu waliolitumikia jeshi walipanga foleni kuthibitisha kwamba wao ni wa nchi waliyozaliwa. Ilipita miaka zaidi ya 35 kabla Rais William Ruto, mwezi Februari 2025, kutia saini tangazo la kukomesha ukaguzi wa ziada kwa wanaoomba vitambulisho katika kaunti za mpakani. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa kadi amekuwa mzazi kabla ya jambo hilo kutamkwa.

Wanamageuzi hawakukaa kimya. Ulinzi wa kazi za maofisa tuliowataja ulirudishwa mwaka 1990, na kifungu cha 2A kikafutwa mwezi Desemba 1991. Mwafaka wa vyama vya Bunge wa mwaka 1997 ulipunguza mamlaka ya machifu, na mwaka 1998 ikatungwa sheria iliyotenganisha ujasusi na polisi, hata jasusi asiwe tena na uwezo wa kumkamata mtu. Mwana wa Makueni, Kivutha Kibwana, alikuwa miongoni mwa waliosimama mbele katika kudai Katiba mpya miaka ile. Katiba hiyo ikaja mwaka 2010. Ibara yake ya 232 inataka utumishi wa umma uzingatie ushindani wa haki na uwezo wa mtu. Ibara ya 236 inasema mtumishi wa umma asionewe wala kubaguliwa kwa sababu ya kutekeleza kazi yake, wala asifukuzwe bila kufuata utaratibu wa sheria. Ibara ya 47 inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki na ofisi za utawala, na ya kupewa sababu kwa maandishi pale haki yake inapoguswa.

Basi mtatuuliza: kama Katiba ni njema hivyo, mnalia nini?

Tunalia kwa sababu jua la Katiba halijafika katika kila chumba. Tazameni tofauti hii. Sheria ya mwaka 2011 inamtaka mtu aliyeteuliwa kuwa waziri au kushika wadhifa mkubwa kama huo afike mbele ya kamati ya Bunge. Huulizwa hadharani, wananchi huandika hati zao za kumpinga, naye hupata nafasi ya kujibu. Majaji na mahakimu walipopigwa msasa na bodi iliyoundwa mwaka 2011, walielezwa malalamiko dhidi yao, wakasikilizwa, na aliyeshindwa aliruhusiwa kuomba uamuzi utazamwe upya. Maofisa wa polisi nao, zoezi lao lilipoanza Desemba 2013, waliitwa wakae mbele ya wanaowauliza. Wakubwa hupigwa msasa mchana. Karani, dereva, fundi wa mitambo na kijana anayeomba kazi yake ya kwanza hupigwa msasa usiku.

Sheria ya ujasusi ya mwaka 2012 inaipa Idara ya Ujasusi, NIS, kazi ya kuandaa taarifa za siri juu ya watu wanaotaka kushika nafasi zinazohitaji uchunguzi. Hatulaumu kwamba kazi hiyo ipo; lazima iwe na mwenyewe. Tunauliza: nafasi hizo ni zipi? Mwombaji anaambiwa? Taarifa ikiwa na kosa la jina, au ikiwa imetoka kwa jirani mwenye ugomvi wa mpaka wa shamba, nani ataisahihisha? Sheria hiyo hiyo imeweka bodi ya kupokea malalamiko dhidi ya idara hiyo. Lakini mtu asiyeambiwa kwamba ni taarifa ya usalama iliyomkosesha kazi atalalamika juu ya nini? Mlango umejengwa, ila anayeuhitaji hajui kwamba yumo ndani ya nyumba.

Chukueni mfano, nao ni mfano tu, wala si habari ya mtu fulani. Binti wa Kasikeu amesoma, amefaulu mahojiano, na ameambiwa asubiri. Wazazi wameuza ng'ombe kulipa karo, na sasa wameuza mbuzi kulipa nauli za Nairobi. Miezi inapita. Anapouliza, anajibiwa kwamba shughuli bado inaendelea. Mwishowe anasikia nafasi imejazwa. Je, alikosa kwa sababu mwingine alimshinda? Au ni kwa sababu mjomba wake aligombea udiwani kwa chama cha upinzani? Au jina lake linafanana na la mtu mwingine? Hajui, na hatajua. Na kwa kuwa hajui, ataamini lililo baya zaidi, kwamba kazi za serikali ni za kabila fulani na chama fulani. Hivyo siri iliyodhaniwa kuilinda nchi inapanda mbegu ya chuki ndani ya nchi.

Kuna watakaosema kwamba usalama hauna mjadala, na kwamba mtu asiye na hatia hana la kuogopa. Tuwajibu kwa kisa cha Sweden. Mwaka 1979 seremala mmoja aitwaye Torsten Leander alipata kazi ya muda katika jumba la makumbusho ya jeshi la majini katika mji wa Karlskrona. Aliondolewa kwa sababu ya habari zilizokuwa katika daftari la siri la polisi, na hakuonyeshwa habari zenyewe. Aliishtaki nchi yake katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na mwaka 1987 akashindwa. Mahakama iliridhika kwamba Sweden ilikuwa na vizuizi vya kutosha dhidi ya uonevu. Miaka kumi baadaye, mwaka 1997, ukweli ulitoka: serikali yenyewe ilikiri kwamba hapakuwa na sababu ya kumhesabu kuwa hatari kwa usalama. Ikamwomba radhi na kumlipa fidia. Ikiwa jambo kama hilo liliweza kutokea Sweden, nchi iliyosifiwa kwa utawala wa sheria, na majaji wa Ulaya wasiligundue kwa kuwa faili lilikuwa limefungwa, itakuwaje kwetu?

Ujerumani nako kuna funzo, na hili lawahusu hasa watu wa vyama vingi. Mwaka 1972 viongozi wa nchi hiyo walipatana kwamba wenye siasa kali wasiajiriwe na serikali. Mwalimu mmoja, Dorothea Vogt, aliyefundisha lugha ya Kijerumani na Kifaransa, alifukuzwa kwa kuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti, chama ambacho hakikuwa kimepigwa marufuku. Hakuna aliyemshtaki kwa kuwafundisha watoto siasa darasani. Mwaka 1995 Mahakama ile ile ya Ulaya ilisema kwamba haki yake ya kutoa maoni na ya kujiunga na chama ilikuwa imevunjwa. Ikiwa chama ni halali, kadi yake haiwezi kuwa ushahidi wa uhaini.

Uingereza, iliyotuachia mfumo huu, nayo iliumbuka. Mwaka 1985 magazeti yalifichua kwamba shirika la utangazaji la BBC lilikuwa likiwachunguza wafanyakazi wake kwa siri kwa msaada wa majasusi, na mafaili ya wasiotakiwa yalitiwa alama mfano wa mti wa Krismasi. Mwaka 1997 nchi hiyo iliunda jopo la kusikiliza rufaa za watumishi wanaonyimwa vibali vya usalama. Marekani nayo, iliyowatesa watumishi wake kwa viapo na tuhuma za ukomunisti baada ya mwaka 1947, ilipata amri ya rais mwaka 1995 inayotaka mtu anayenyimwa kibali apewe maelezo kwa maandishi, aruhusiwe kujibu, na akate rufaa mbele ya jopo. Marekani haikuacha kuwa na siri zake. Iligundua tu kwamba siri za dola na sababu za kumnyima mtu kazi ni vitu viwili, na cha pili chaweza kuelezwa bila kukianika cha kwanza.

Tena tusidanganyane kwamba njia ya kizamani ndiyo inayotuweka salama. Mmoja wa washambuliaji wa Garissa mwaka 2015 alikuwa amehitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na baba yake alikuwa chifu wa serikali. Mzee huyo mwenyewe alikuwa ametoa taarifa kwamba mwanawe amepotea. Kama ingalikuwa ni kuuliza ukoo, shule na barua ya chifu, kijana huyo angalipita kwa alama zote. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Lakini hukipati kwa kuuliza nguo ni ya rangi gani. Hatari hujulikana kwa matendo: fedha zisizoeleweka, urafiki wa siri na wahalifu, uongo wa makusudi katika fomu. Haijulikani kwa kabila, dini, wala chama. Idara inayopoteza siku zake ikiwaandika wapinzani hukosa macho ya kumwona adui wa kweli.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo saba, na tunaomba myachukue na kuyajadili katika vikao vyenu, makanisani, misikitini na sokoni.

Kwanza, itangazwe kwa sheria ni nafasi zipi zinazohitaji uchunguzi wa usalama, nao upimwe kwa uzito wa siri ambazo mtu atakabidhiwa. Mfagiaji wa ofisi ya kilimo asichunguzwe kama mlinzi wa Ikulu.

Pili, mwombaji aambiwe mapema kwamba atachunguzwa, na ni mambo gani yatakayoangaliwa.

Tatu, iandikwe kwa maneno yasiyo na utata kwamba chama, kabila, dini, na siasa za jamaa ya mtu si sababu ya kumnyima kibali.

Nne, anayenyimwa apewe sababu kwa maandishi. Palipo na siri ya kweli, apewe muhtasari utakaomwezesha kujibu.

Tano, pawe na jopo huru la rufaa, lenye jaji au mtu anayestahili kuwa jaji, ambalo litaweza kulifungua faili lote na kulisoma, hata kama mwombaji mwenyewe hawezi kulisoma. Hilo ndilo lililokosekana kwa yule seremala wa Sweden.

Sita, pawekwe muda. Uchunguzi usio na siku ya kwisha ni kumnyima mtu kazi bila kumwambia.

Saba, habari za uongo zifutwe, na mtu aliyeumizwa nazo alipwe.

Juu ya hayo liko suala la gharama. Cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, cheti cha kodi, cheti cha bodi ya mikopo ya wanafunzi, karatasi ya tume ya maadili, karatasi ya wakala wa mikopo: kijana asiye na kazi amekuwa akitumwa kuyakusanya yote haya ndipo aombe kazi. Mwaka 2022 Sheria ya Ajira ilirekebishwa ili mwajiri asimdai mtu vyeti hivyo isipokuwa anakusudia kumpa mkataba. Mnapoona tangazo la kazi linalovidai tangu mwanzo, iwe ni Nairobi au ni hapa kwetu Wote, ulizeni kwa maandishi ni kwa sheria gani.

Na kabla Bunge halijatunga sheria mpya, msikae mikono mitupu. Sheria ya mwaka 2015 juu ya utendaji wa haki katika utawala inampa aliyeathirika haki ya kudai sababu. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi la habari ndani ya siku 21, na ikikataa, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Sheria ya mwaka 2019 ya kulinda data inampa mtu haki ya kutaka habari za uongo juu yake zirekebishwe. Ni kweli kwamba ofisi zaweza kujificha nyuma ya neno usalama. Lakini na zijifiche kwa maandishi, kwa sahihi na tarehe, ili siku ya kuulizwa pawe na karatasi ya kuonyesha. Walimu na makarani mliopo, wasaidieni wasiojua kuandika barua hizo.

Neno letu la mwisho ni kwa wale walio katika vyama vya siasa, vyetu na vya wengine. Kila chama kikiwa nje hulia juu ya mafaili ya siri, na kikiingia ndani huyaona matamu. Mtakapokuja hapa Kasikeu kuomba kura, wananchi hawa watawauliza swali moja: mko tayari kufunga mikono yenu wenyewe? Chama kitakachojibu ndiyo, na kuandika jibu hilo katika ilani yake, ndicho kitakachostahili kusikilizwa. Vyama vingi si wingi wa bendera juu ya paa. Ni mtumishi wa serikali kuamka asubuhi, awe amempigia kura aliyeshinda au aliyeshindwa, na kwenda kazini bila hofu.